Namba ya Kazini

Jumatatu, 4 Machi

Simu tatu kabla ya chai. Zote zangu. Zote za mkopo.

Karakana yetu ya mihuri ina simu moja tu, nayo iko kaunta, mbele ya wateja. Dada wa Mapokezi akipokea simu ya mtu wa nyuma, hafanyi siri. Anafungua kile kidirisha kinachotazama meza zetu za kuchongea, kisha anapaza sauti kuishinda mashine ya kukatia mpira. Leo amesema, neno kwa neno: "Wale wa kiti wanakuulizia tena." Wachongaji wote wakainua vichwa. Nadhani hata mashine ilipunguza mwendo.

Kiti chenyewe ni cha umeme, cha kukanda mgongo. Nilikopa kukinunua mwaka jana ili niwatoze majirani kwa kila dakika kumi. Hesabu ilikuwa safi kabisa. Nisichokihesabu ni kwamba mama mkwe angekuja kututembelea kwa wiki moja, akikalie, abaki miezi saba. Mama mkwe hatozwi. Majirani nao wanaona haya kumwambia ainuke, kwa hiyo wamerudi majumbani kwao na migongo yao.

Baada ya simu ya tatu Bosi akaniita ofisini. Hakufoka. Afadhali angefoka. Alinikumbusha kwamba msimamizi wetu anastaafu, na kwamba tarehe kumi na tano atamtangaza wa kushika nafasi yake, mimi au Miwani, mchongaji mwenzangu. Msimamizi ndiye anayekaa na ufunguo wa kabati la mihuri iliyokamilika: ya benki, ya mahakama, ya shule. Mtu mwenye shida ya pesa akiwa na ufunguo ule anaweza kufanya maajabu.

"Siwezi kumpa ufunguo huo mtu anayetafutwa," akasema.

Basi. Hilo tu. Nimechonga maneno kinyumenyume kwa miaka kumi na moja, bila kioo. Miwani ana miaka minne kazini, na hadi leo hamalizi muhuri bila kuutazama kwenye kioo cha kunyolea. Cheo hiki ni changu. Kilichobaki ni kuinyamazisha simu.

Wakati wa kufunga, Dada wa Mapokezi akanipa ushauri ambao sikuuomba. Niende kwenye ofisi yao, niwaandikie mistari mitatu kwamba wasinipigie kazini, niwape namba yangu ya mkononi, niahidi kulipa kidogo kidogo kila wiki. Eti shangazi yake alifanya hivyo na hawakumsumbua tena. Nilimshukuru kwa adabu. Anayeandika barua amekiri! Tena simu yangu ya mkononi nimeizima tangu Januari, na sijawahi kuwa na amani kama hii. Mke wangu anadai ndiyo sababu wanapiga kazini. Ana tabia ya kuunganisha mambo.

Jumanne, 5 Machi

Mpango wa kwanza: safari. Nimemwomba Dada wa Mapokezi aseme nimesafiri kikazi. Hapendi kusema uongo, ila droo ya meza yake ilikuwa imekwama tangu mwaka jana, nikaikwamua. Akakubali kusema mara moja tu.

Saa tatu na nusu simu ikalia. Alikuwa Sauti Laini, yule mwanamke wa mkopo ambaye hajanitolea neno baya hata siku moja, na ndiyo maana namwogopa. Dada akasema nimesafiri. Sauti Laini akanitakia safari njema. Nikashusha pumzi.

Saa tano akapiga kuuliza kama nimefika salama. Saa nane akapiga kuuliza nitarudi lini, na kama nimeshalipwa posho ya safari, maana hata nusu ya posho ingepunguza deni. Dada akajibu kwamba mambo ya posho hayajui. Sauti Laini akaomba, kwa upole, aunganishwe na anayeyajua.

Bosi akatoka ofisini, akapita kaunta, akaja mpaka kwenye meza yangu, akasimama akinitazama nachonga. Akauliza safari ilikuwaje. Nikasema nzuri. Akauliza posho nilipewa na nani. Hapo ikabidi vumbi la mpira liniingie jichoni. Miwani akakimbia kuniletea maji ya kunawa, tena akayapitishia upande ambao Bosi angemwona vizuri. Yule mtu kwa kujipendekeza hana mpinzani. Maji yenyewe yalikuwa ya baridi mno.

Jumatano, 6 Machi

Mpango wa pili. Huu hauna maneno, kwa hiyo hakuna wa kuuharibu.

Nimefika kazini wa kwanza. Nikaingia chini ya kaunta, nikachomoa waya wa simu ukutani, nikauacha nyuma ya boksi la wino ionekane umechomoka wenyewe. Mpaka saa tano palikuwa kimya kizuri ajabu. Nilimaliza muhuri mzima wa duka la vitambaa, neno IMELIPWA ndani ya mviringo, herufi zimenyooka. Kanuni yetu ni kwamba muhuri ukikamilika lazima ujaribiwe kwenye karatasi. Karatasi niliyokuwa nayo mfukoni ilikuwa mkataba wangu wa mkopo. Muhuri ulitokea vizuri sana. Niliutazama mkataba ule kwa muda, nikaukunja, nikaurudisha mfukoni kwa kumbukumbu tu.

Saa sita Bosi akaanza kuhangaika. Hakuna oda hata moja tangu asubuhi. Akainua mkono wa simu, akasikiliza, akasema imekufa. Miwani akatumwa kumwita fundi wa simu, mtu anayetoza hata kwa kutazama. Nikaona fundi akifika atajua ndani ya nusu dakika kwamba waya ule ulivutwa na mkono wa mtu. Nikajitolea kuangalia kwanza. Nikalala chini ya kaunta dakika kumi, nikigongagonga mbao na kuguna, kisha nikachomeka waya. Simu ikalia papo hapo. Ilikuwa shule fulani, imepiga tangu saa mbili.

Bosi alifurahi hadi akanishika bega. Alisema kumbe nina kichwa cha mitambo pia. Alilisema hilo mbele ya Miwani, aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia na fundi, na fundi akadai nauli yake. Bosi akamwambia Miwani amalizane naye. Nimeishi siku chache nzuri kama hii.

Na haijaishia hapo. Dada wa Mapokezi ana ruhusa Ijumaa, mdogo wake anaolewa. Bosi ameamua kaunta nikae mimi. Mimi! Nipokee simu kutwa nzima! Nilikubali kwa uso wa mtu aliyebebeshwa mzigo usio wake.

Alhamisi, 7 Machi

Simu moja tu leo. Nilikuwa msalani. Dada akasema niko msalani, na kwa mara ya kwanza wiki hii alisema kweli.

Kuna tatizo dogo. Sauti Laini anaijua sauti yangu. Kwa hiyo Ijumaa simu lazima ipokelewe na mtu mwingine, na mtu huyo nimeshamtunga: mzee wa miaka sabini, mlinzi, mzito kidogo wa kusikia, asiyependa maswali. Sauti ya chini, ya kukwaruza. Nilipotoka kazini nikajifungia chumbani kufanya mazoezi.

Sikujua kwamba mama mkwe husikia kila kitu akiwa kwenye kile kiti. Akakizima. Akaja mlangoni akauliza mgeni ni nani na mbona amepita sebuleni bila kusalimia watu. Nikitoka, nieleze nini? Nikajibu kwa sauti ya mzee kwamba nipo kwa muda mfupi tu, namsubiri mwenye nyumba. Mama mkwe akasema heri amekuja mtu mzima, kwa sababu ana jambo limemkaa rohoni.

Akavuta kigoda akakaa nje ya mlango. Akamweleza mzee kwamba mkwe wake si mtu mbaya, ila anakimbia simu kama mtoto anavyokimbia maji ya kuoga. Kwamba binti yake amechoka. Kwamba binti yake sasa anaficha pesa ndani ya mto, kidogo kidogo, za sabuni na za mboga, kwa kuogopa siku watakayokuja kubeba vitu. Akamwomba mzee anikalishe chini aniseme.

Hilo la mto sikulijua. Lilinichoma, na sioni sababu ya kudanganya kwenye daftari langu mwenyewe. Nikaahidi kwa sauti ya mzee kwamba nitazungumza na mimi. Kisha nikatokea dirishani, nikazunguka nyumba, nikaingia kwa mlango wa mbele na kusalimia. Mama mkwe akanisikitikia sana. Alisema nimepishana na mtu wa maana.

Ijumaa, 8 Machi

Niko kaunta tangu saa mbili. Kazi ya mapokezi ni nyepesi kuliko wanavyotuambia. Simu ya kwanza ya duka la dawa, ya pili ya shule, zote nimezipokea kwa sauti yangu halisi na kuandika oda kwenye daftari kwa mwandiko mzuri.

Saa nne na dakika kumi, mwanamke. Akasema anapiga kutoka kampuni ya mikopo. Hakuwa Sauti Laini. Wameniwekea mwingine! Sikumngoja amalize. Mzee akaingia kazini. Mzee akasema, kama ni yule mchongaji, hayupo hapa, amefukuzwa. Yule mwanamke akashangaa kidogo, akasema hamjui mchongaji yeyote, yeye ana shida ya mihuri. Mihuri! Mtego wa kitoto. Wanajifanya wateja ili mtu ajisahau. Mzee akamwambia mihuri hakuna, karakana yenyewe imefungwa, mashine zimeuzwa, bosi amehama, na yeye ni mlinzi tu anayeokota vitu vyake.

Mwanamke akaniamini. Akasema, pole sana mzee. Akauliza kama nimelipwa haki zangu. Nikasema bado, maana nilikuwa nimeshanogewa, na nikaongeza kwamba nina wajukuu sita. Akanipa pole ya pili, ya kutoka moyoni kabisa, akakata.

Mpaka saa kumi jioni hakupiga mtu wa mkopo hata mmoja. Bosi alipita kaunta mara nne akitega sikio. Mara ya nne akaniambia kwamba kumbe zile simu zinaweza kwisha mtu akiamua. Kisha akasema Jumatatu nije na shati jeupe. Nani huambiwa aje na shati jeupe wiki ya kutangazwa msimamizi? Sikumwuliza. Nilimtazama Miwani tu kupitia kidirisha. Alikuwa ameinama kwenye kioo chake.

Nimemweleza mke wangu kwamba mambo ya mkopo yamekwisha. Akauliza nimewalipa kiasi gani. Nikamwambia siku hizi mambo hayaendi hivyo.

Jumamosi, 9 Machi

Saa tatu asubuhi pikapu imesimama mlangoni. Wanaume wawili, na mwanamke mwenye faili. Alipotoa salamu tu nikamjua. Sauti Laini ni mfupi kuliko nilivyodhani. Akasema wamepata habari za kufukuzwa kwangu, na za karakana kufungwa, na kwamba ofisi nzima imesikitika. Ila mkataba unasema mkopaji akipoteza kazi, kiti kinarudi kwa mwenye pesa. Kifungu cha tisa. Akanionyesha kwa ncha ya kalamu.

Nikasimama pale sina mbele wala nyuma. Niseme sijafukuzwa, wataniuliza mzee ni nani. Niseme nimefukuzwa, kiti kinaondoka, na mama mkwe yumo. Nikatumia silaha yangu ya mwisho. Nikautoa mkataba mfukoni, nikaufungua, IMELIPWA ndani ya mviringo.

Sauti Laini akautazama kwa muda mrefu. Akauinua kwenye mwanga. Hakukasirika. Akauliza muhuri ule umechongwa na nani, kwa sababu ofisi yao ya manunuzi ilikuwa inatafuta fundi wa kiwango hicho. Wanafungua matawi mapya, walihitaji mihuri arobaini. Walikuwa wameichagua karakana yetu, iliyosifiwa na kila mtu, wakaipigia jana asubuhi kukamilisha, wakaambiwa na mzee mmoja wa kusikitisha sana kwamba imekufa. Mchana ule ule oda ikaenda kwa watu wengine.

Nikakaa kwenye kizingiti.

Wale wanaume wawili wakaingia sebuleni. Mama mkwe alikuwa kwenye kiti, kimewashwa, anatikisika taratibu. Wakamwamkia. Akawaitikia. Hakuinuka. Wakasubiri dakika kumi ziishe. Zikaisha. Akabonyeza tena. Ndipo akauliza, bila kupandisha sauti:

"Mnataka kiti au mnataka pesa?"

Sauti Laini akasema, kwa heshima zote, pesa, mama.

"Basi kaeni chini tuandike."

Iliwachukua robo saa. Mke wangu akaleta kalamu, na ule mto. Akauchana pembeni, akatoa pesa humo ndani, akazihesabu mbele yao bila kunitazama. Hayo ndiyo malipo ya kwanza. Yanayobaki ni kidogo kidogo kila Ijumaa. Mimi nitayapeleka kwa mkono, na mama mkwe atazikagua risiti. Na maadamu nalipa, hakuna atakayepiga simu karakana. Hilo mama mkwe alitaka liandikwe mstari wa kwanza. Barua nzima ina mistari mitatu. Sauti Laini akasema kwamba angepata barua kama hii mwezi wa kwanza, asingenipigia kazini hata mara moja.

Walipoondoka, mke wangu alichukua sindano na uzi akashona ule mto. Ulikuwa umebaki bapa. Niliona aibu. Naandika hivyo hivyo: niliona aibu, na ilinikaa mpaka mchana.

Jumapili, 10 Machi

Nimefikiria kumrudisha mzee. Apige simu kwenye ofisi yao ya manunuzi aseme karakana imefunguliwa tena, mashine zimerudi, hata wajukuu hawajambo. Nilipomweleza mke wangu aliacha kufua, akanitazama tu. Nimeahirisha.

Jumatatu, 11 Machi

Shati jeupe. Mke wangu alilipiga pasi na hakuniuliza ni la nini.

Bosi akanieleza asubuhi. Amewafuata watu wa kampuni moja kubwa ya mikopo kwa miezi mitatu, kwa barua na kwa miguu. Mihuri arobaini. Walikuwa wapige Ijumaa kukamilisha, na leo waje kutia saini. Alitaka mtu nadhifu wa kusimama naye, mtu ambaye baada ya siku nne wangemtambua kama msimamizi. Akaniuliza kama walipiga. Nikasema sikumbuki. Akainua simu akawapigia mwenyewe, nami nimesimama pembeni yake, kola imenibana.

Nilisikia upande mmoja tu. "Imefungwa? Nani kasema? Mzee gani?" Akaziba simu kwa kiganja akaniuliza kama Ijumaa alikuwepo mzee yeyote hapa kaunta. Nikasema ndiyo, aliingia mmoja kuomba maji. Akauliza alikuwaje. Nikamweleza: kofia, fimbo, kikohozi, mguu wa kushoto unaburuta. Nilimwona kabisa nilipokuwa namweleza. Miwani akajitolea kwenda kumtafuta barabarani, akatoka mbio.

Kumbe wale wa mikopo hurekodi simu zao zote. Wakamwekea Bosi asikilize. Akasikiliza hadi mwisho, akaomba warudie. Mara ya pili, kwenye wajukuu sita, alicheka, kicheko kifupi kilichomtoka bila kutaka. Kisha akaweka simu chini polepole.

Akaniuliza kama sasa namkumbuka yule mzee vizuri zaidi. Nikasema ni mimi. Nilitaka kusema kwa sauti yangu, lakini ikatoka ile ile ya kukwaruza.

Miwani akarudi anatokwa jasho, akaripoti kwamba mzee hajaonekana mpaka kituo cha mafuta. Bosi akamwambia asingoje tarehe kumi na tano, achukue ufunguo wa kabati leo. Mimi akanigeukia.

"Sikufukuzi, kwa sababu hapa hakuna anayechonga kama wewe. Lakini simu ya deni lako ikilia kwenye kaunta hii mara moja, moja tu, usirudi hata kuchukua koti."

Miwani akaenda kulijaribu kabati. Aliuzungusha ufunguo upande usio wake mara mbili. Nimeliandika hili kwa ajili ya haki.

Ijumaa, 15 Machi

Wiki nzima, hakuna simu. Hakuna! Kidirisha kikifunguliwa ni kuulizia wino. Nilikuwa nimesahau utamu wa kuchonga bila moyo kwenda mbio. Bosi amenisalimia mara mbili. Mke wangu jana alicheka na kitu nilichosema, nami nikakirudia ili acheke tena.

Leo ilikuwa siku ya kupeleka malipo. Asubuhi mke wangu alinipa pesa kwenye bahasha, akaniwekea mwenyewe kwenye mfuko wa shati, akafunga kifungo. Saa kumi nikatoka kazini na nia safi kabisa, naapa, moja kwa moja kuelekea ofisi ya Sauti Laini.

Milango minne kabla ya kufika kuna duka la vifaa vya nyumbani. Dirishani wameweka kiti kile kile, cha rangi ya kahawia. Nikasimama. Na hapo hapo nikaona, kwa mara ya kwanza, nilikosea wapi. Kosa halikuwa kukopa. Kosa lilikuwa kununua kiti kimoja! Mama mkwe ana mgongo mmoja tu. Cha pili kitakuwa huru kwa majirani, kitalipia cha kwanza ndani ya miezi minne, kisha vyote viwili vitakuwa faida tupu. Nilipiga hesabu mara tatu pale pale barabarani. Ni safi kabisa.

Duka lina watu wake wa mkopo, wengine tofauti, wachangamfu sana. Wanataka malipo kidogo ya kuanzia tu, na bahasha ilitosha. Risiti ya kumwonyesha mama mkwe Ijumaa hii haitanishinda, mimi ni mtu wa mihuri.

Fomu yao ilikuwa fupi. Jina, kazi, sahihi. Mwisho wakaomba namba ya simu ya uhakika, inayopokelewa muda wote wa kazi. Ya mkononi bado nimeizima. Nikaandika ya karakana, kwa kuwa sasa hivi hakuna anayeipiga.